Nilivyochagua fimbo mpya za chuma baada ya kuhamia pwani

Mchezaji wa gofu anayehama Arusha kuja Dar es Salaam hupoteza yadi bila kupoteza nguvu. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa ya kule ni nyepesi na mpira hukaa angani muda mrefu. Ukishuka hadi uwanja wa Gymkhana, pale jirani na bahari, au ukaenda Lugalo kwenye uwanja wa jeshi, mpira uleule na mkono uleule vinakupa pungufu ya asilimia tano hivi. Kwangu mimi, chuma namba saba kilichokuwa kinapeleka mpira yadi 120 kikawa kinaishia 114. Watu wa klabuni huniambia ni unyevu wa Dar ndio unaoifanya hewa iwe nzito. Sivyo. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu, na joto linaipunguzia uzito zaidi. Kinachotubana huku ni kwamba tuko chini, usawa wa bahari, ambako hewa imeshindiliwa.

Yadi sita zinaweza kuonekana si kitu. Lakini ukiwa na grini ndogo (lile eneo la majani mafupi lenye shimo) yenye banka, yaani shimo la mchanga, mbele yake, yadi sita ndizo zinazoamua kama pigo linalofuata utalipiga kwa pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, au kwa weji ya mchanga, fimbo ya kuutolea mpira bankani. Nilipoona nimeanza kuingia mabanka ambayo kwa hesabu zangu nilipaswa kuyavuka, nikajua umefika wakati wa kuziangalia fimbo zangu za chuma moja baada ya nyingine.

Seti niliyokuwa nayo niliinunua Arusha kwa bwana mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi na anarudi kwao Ulaya. Ni fimbo za kiume, za urefu wa kawaida wa kiume, zenye shafti, yaani mipini, za chuma nzito za gramu 130 hivi kila moja. Mimi ni mwanamke mfupi. Hata hivyo nazithamini sana fimbo zile, maana ndizo zilizonifundisha gofu, enzi ambazo sisi wasichana tulikuwa tunasimama pembeni kumtazama Madina Iddi, mchezaji nyota wa gofu wa Tanzania, akipiga mpira, tukirudi nyumbani kila mmoja anajaribu kuigiza swingi yake, jinsi anavyozungusha fimbo, kwa fimbo ya mti.

Ukitangaza klabuni kwamba unatafuta seti mpya, ushauri unakujia kabla hujaketi. Karibu wote unaelekea upande mmoja: chukua zinazopiga mbali. Rafiki yangu daktari, ambaye handikapu yake (kipimo cha kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo nzuri) ni ya tarakimu moja, aliniambia namba saba yake mpya imemwongezea yadi 15. Sikumbishia, niliuona mpira wake ukienda. Lakini swali langu lilikuwa jingine kabisa. Draiva ndiyo ya kupiga mbali. Chuma ni cha kupiga umbali unaoujua, kisha mpira utulie pale ulipotua. Kama namba saba inapiga yadi 110 kila siku, asubuhi na jioni, hiyo ni fimbo nzuri kuliko ile inayopiga 130 leo na 112 kesho. Swali hilo ndilo nililolibeba hadi mwisho wa safari yote hii, na ndilo lililonisaidia kukataa vitu vizuri ambavyo havikuwa vya kwangu.

Aliyenionyesha pa kuanzia si kocha, ni mzee mmoja kedi. Amebeba mifuko ya watu tangu ujana wake na macho yake huona mpira unakotua kabla mwenye mpira hajainua kichwa. Siku moja tunatoka shimo la tisa akaniambia, "Mama, tano yako na sita yako mbona zinaangukia sehemu moja?" Nikamwomba anithibitishie. Jioni tukaenda uwanja wa mazoezi kabla giza halijaingia. Nilichukua mipira yangu mwenyewe ninayochezea, si ile ya mazoezi ambayo imechoka na huruka pungufu, nikaitia alama kwa kalamu: mwekundu ni wa namba tano, wa bluu ni wa sita, mweusi ni wa saba. Mzee akaenda kusimama mbele, mbali kidogo pembeni, ameshika mfuko wa tii za mbao, vile vijiti vya kuwekea mpira. Kila mpira ulipotua alipachika tii pale ulipogusa ardhi, sio pale uliposimama. Hilo ni jambo la kuzingatia sana. Ardhi yetu kiangazi ni ngumu, mpira hubiringika, na mabiringiko yanadanganya. Kinachovuka banka ni umbali wa hewani.

Tulipomaliza nilitembea kwenda kuziangalia zile tii. Za namba saba zilikuwa zimejikusanya vizuri, yadi 114. Za sita zilikuwa kwenye 121. Za tano, ambazo zilipaswa kuwa mbele kwa yadi kumi na zaidi, zilikuwa zimechanganyikana na za sita, wastani wake 124. Nilikuwa nabeba fimbo mbili kufanya kazi ya moja. Mzee akaziokota tii zake, akafuta udongo, akasema, "Tano inataka mtu mwenye kasi, mama. Wewe una mpigo safi, kasi ndiyo huna."

Maneno hayo yana fizikia kamili ndani yake. Uso wa fimbo ukiwa umelala nyuma kidogo tu, kama ilivyo namba tano, mpira hutoka chini chini. Ili upae, unahitaji kasi itakayouzungusha kinyumenyume vya kutosha hadi hewa iubebe. Mwanaume kijana mwenye kasi anaupata mzunguko huo. Mtu wa kasi ndogo hapati, kwa hiyo kadiri namba inavyopungua ndivyo tofauti ya umbali kati ya fimbo na fimbo inavyobanana, hadi mwisho fimbo mbili zinakuwa kitu kimoja. Hii si habari ya wanawake peke yao. Wazee wetu wa miaka 65 na kuendelea wako hapohapo, na wengi wao bado wanabeba namba nne kwenye mfuko kwa heshima ya ujana.

Basi nikaanza kusoma digrii. Chini ya kila fimbo kuna namba, na watu wengi hudhani namba hiyo ni kipimo. Sio kipimo. Kipimo ni lofti, yaani digrii ambazo uso wa fimbo umelala nyuma, na kila kampuni inapanga inavyotaka. Titleist 620 MB, fimbo za wachezaji stadi, namba saba yake ina digrii 35. TaylorMade Stealth, zilizotengenezwa kwa wachezaji wa kawaida kama sisi, namba saba yake ina digrii 28. Hiyo ni tofauti ya digrii saba. Ukirudi kwenye 620 MB utakuta fimbo yenye digrii 27 ni namba tano. Kwa hiyo rafiki yangu daktari anapofurahia namba saba yake mpya, kwa hesabu za zamani anakaribia kupiga na tano. Na huko mwisho wa seti ni vilevile: pichingi weji ya Stealth, fimbo inayofuata namba tisa, ina digrii 43, sawasawa na namba tisa ya 620 MB.

Sisemi kampuni zinadanganya. Vichwa vya siku hizi vina uzito mwingi chini kabisa na nyuma, kwa hiyo mpira unapaa juu kuliko fimbo ya zamani yenye digrii zilezile, na usipozipunguza digrii utaona mpira unapaa kupita kiasi. Chanzo cha ufundi huu ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, aliyeanza kutengeneza pata kwenye gereji ya nyumba yake mwaka 1959 na kuanzisha kampuni ya PING. Yeye ndiye aliyeupa nguvu mtindo wa kutoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo na kuusambaza pembezoni, ili ukiupiga mpira kwa ncha au kwa kisigino, kichwa kisipinduke sana mkononi. Kombe la wanawake kati ya Ulaya na Marekani, Solheim Cup, lina jina lake tangu 1990. Kila ninapoupiga mpira pembeni kidogo na bado ukafika ukingoni mwa grini, namkumbuka mzee Solheim kwa shukrani.

Lakini ufundi huo umepimwa kwa mtu wa kasi fulani. Kwangu, digrii 28 bado ni chache. Nilikuja kuliona hilo kwa macho Nairobi.

Nilikwenda kikazi, nikapanga nafasi kwa fundi wa fimbo mwenye mashine ya rada. Kabla hatujaanza nilimwomba jambo moja: aiweke mashine kwenye usawa wa bahari. Nairobi iko juu kuliko hata Arusha, mita 1,700 hivi, na namba ambazo ningezipata pale zingenifurahisha halafu zikanitupa nikirudi Dar. Mashine nyingi za rada zina sehemu ya kubadilisha mwinuko na joto. Kama unapimiwa bara na unachezea pwani, au kinyume chake, liseme hilo mapema. Fundi alifurahi kuulizwa, akaingiza takwimu za Dar, tukaanza.

Alinipa kichwa cha digrii 28 chenye shafti nyepesi ya kaboni. Mpira ulikwenda yadi 119 hewani, mbali kuliko namba saba yangu ya zamani. Kisha akaninyooshea kidole kwenye kioo sehemu ambayo sikuwa nimeitazama: pembe ambayo mpira unatua nayo. Digrii 36. Mafundi hupenda mpira wa chuma utue kwa digrii 45 hivi ili ushike grini. Wenye kasi ndogo kufika huko ni kazi, lakini 36 ni mpira unaotua kama ndege inayoingia kiwanjani, unagusa na kuendelea na safari yake. Kwa grini zetu za kiangazi, zilizokaushwa na jua na upepo, mpira huo unatokea nyuma.

Akabadilisha, akaweka kichwa cha digrii 31, shafti ileile. Umbali ukawa 117. Pembe ya kutua ikapanda hadi 43. Nilitoa yadi mbili nikapata mpira unaosimama. Fundi, kwa nia njema kabisa, alitaka tutafute kichwa cha kati, digrii 29, ili nisipoteze umbali wowote, na tulijadiliana kwa muda. Alikuwa anaiona kazi yake ni kunipa yadi. Mimi nilikuwa naliona shimo lenye banka mbele na majani marefu nyuma, na upana wa grini katikati yake. Nikabaki na 31.

Mtu wa pwani ataniuliza: na upepo je? Swali zuri. Kusi likiwa limekolea, katikati ya mwaka, mpira wa juu unaonewa, na kaskazi la Januari nalo lina siku zake. Nimelipima hilo pia. Kwenye upepo wa uso kwa uso mimi huchukua fimbo ndefu zaidi kwa ngazi moja au mbili, nauweka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu na kupiga taratibu. Mpira unakuwa chini na mzunguko unapungua. Fimbo inayopiga juu unaweza kuifundisha kupiga chini. Fimbo inayopiga chini, kwa mtu wa kasi yangu, huwezi kuilazimisha ipande.

Baada ya digrii za uso, fundi akageukia kitu ambacho naamini kwa watu wafupi na warefu kupita kiasi ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa: jinsi fimbo inavyokaa chini unapopiga. Shafti inaingia kwenye kichwa kwa pembe. Kama pembe hiyo imesimama mno kwa kimo chako na mikono yako, ncha ya fimbo inaelea juu, kisigino ndicho kinachogusa majani, na uso wa fimbo unaelekea kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Ikiwa imelala mno, mpira unakwenda kulia. Na kadiri fimbo ilivyo na digrii nyingi za lofti ndivyo kosa linavyokua, kwa hiyo ni kwenye weji, pale unapotaka usahihi kuliko popote, ndipo unapoumia zaidi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika, chora mstari mnene wima upande wa nyuma wa mpira, pale utakapogusa fimbo. Hakikisha umesimama wima kweli. Piga. Mstari utajichapa kwenye uso wa fimbo. Ukiwa sambamba na wima wa uso, yaani unakata mifereji iliyochongwa usoni kwa pembe mraba, fimbo inakufaa. Kichwa cha mstari kikilalia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Kikilalia upande wa kisigino, imelala mno. Kwenye fimbo zangu za zamani mstari ulilalia ncha waziwazi, mara kwa mara, hadi nikahisi kama mtu aliyesomewa cheti chake cha hospitali. Ile mipira yangu ya kushoto, ambayo kwa muda mrefu makocha waliniambia ni mkono wa kulia unapinduka mapema, sehemu yake kubwa ilikuwa ni chuma. Nilihitaji digrii mbili za kulala.

Nawaomba wanawake wenzangu walishike hili. Madukani ukiingia mwanamke hupewa seti ya kike ileile, mrefu na mfupi, mwenye nguvu na asiye na nguvu, kana kwamba sote tuna kimo kimoja na kasi moja. Nawajua akina dada warefu wenye kasi kubwa wanaohangaika na shafti laini za kike zinazowatupia mpira huku na huku, ilhali shafti nyepesi ya kiume ingewatosha kabisa. Na wapo akina baba ambao shafti iliyoandikiwa wazee ingewarudishia raha ya mchezo, lakini maandishi yale yanawazuia. Funika maandishi, tazama mpira unakwenda wapi.

Kuhusu shafti zenyewe nitasema kwa kifupi. Kutoka gramu 130 za chuma hadi 60 za kaboni ni safari ndefu, na katikati kuna vituo, mathalani shafti za chuma nyepesi za gramu 95 hivi, ambazo wengi wenye kasi ya wastani wanazipenda. Mimi nilichagua kaboni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kasi, niliongeza kidogo. Ya pili ni kiwiko. Chuma kizito kikigonga ardhi kavu ya Februari, mtikisiko wote hupanda mkononi, na mwenye kiwiko kinachouma anajua nasema nini. Kaboni inaumeza mtikisiko huo.

Gripu, yaani mashikio ya fimbo, nazo pwani zina mambo yake. Jasho la Dar saa nne asubuhi linateremka hadi vidoleni, na gripu ya mpira laini inateleza. Nilichukua gripu zenye nyuzi ndani yake, zinakwaruza kidogo lakini hazitoki mkononi. Unene wake hupimwa hivi: ukiishika fimbo kwa mkono wa juu, ncha za vidole viwili vya katikati ziguse kidogo tu nyama ya chini ya kidole gumba. Zikizama kwenye nyama, gripu ni nyembamba. Zisipofika, ni nene.

Na chumvi. Vichwa vya fimbo viko vya aina mbili kwa utengenezaji. Kuna vya kufua, ambavyo chuma laini hupigwa hadi kikapata umbo, na kuna vya kusubu, ambavyo chuma kilichoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu. Chuma laini cha kufua fundi anakipinda kirahisi kurekebisha digrii. Chuma cha pua cha kusubu ni kigumu, kinakubali digrii chache tu na kwa uangalifu. Lakini cha kusubu kinastahimili hewa ya bahari. Cha kufua hulindwa na kromu juu yake, na kromu ikichubuka kwa mchanga, kutu inaanza hapohapo. Weji zisizopakwa kitu kabisa, ambazo mabingwa wanazipenda, hapa kwetu zinageuka kahawia baada ya mvua moja. Nilichagua za kusubu, na kila nikitoka uwanjani nazisuuza kwa maji baridi na kuzikausha, mifereji kwa mswaki wa zamani.

Nikawa na karatasi yenye namba zangu: namba saba digrii 31, shafti ya kaboni nyepesi, digrii mbili za kulala, urefu nusu inchi pungufu, gripu nyembamba zenye nyuzi. Fundi nilimlipa kazi yake ya kupima kama ilivyo haki yake, nikamwambia wazi kwamba fimbo nitatafuta zilizotumika. Hakuona ubaya.

Kaka yangu anaishi Uingereza, na huko fimbo zilizotumika ni soko kubwa lenye mpangilio. Nilimtumia zile namba kwa WhatsApp na maelekezo ya kukagua. Azungushe kila kichwa kwa mkono aone kama kinalegea kwenye shafti. Apige picha ya uso wa kila fimbo kwa mwanga wa pembeni, ili mifereji ionekane kama bado ina kingo. Aangalie namba tisa na pichingi weji kwanza, hizo ndizo huchakaa mapema. Kama anaona PING, atazame kinukta cha rangi kwenye kichwa: nyeusi ni ya kawaida, bluu na kijani zimesimama zaidi, nyekundu na ya machungwa zimelala. Mimi nilikuwa nataka nyekundu au ya machungwa. PING pia huandika namba ya utambulisho shingoni mwa fimbo, na namba hiyo inakuwezesha kuuliza seti ilitengenezwaje. Kwa soko lenye fimbo bandia nyingi, hilo ni jambo la kuwashukuru.

Akapata. Machungwa, digrii mbili za kulala. Shafti zilikuwa ndefu kwa ile nusu inchi, fundi wa hapa Dar akazikata na kuweka gripu mpya. Kukata shafti hulegeza uzito wa kichwa mkononi kidogo. Nilimwomba akate moja kwanza niipige siku chache kabla ya kumruhusu aguse zilizobaki, na namshauri kila mtu afanye hivyo.

Sasa mfuko wangu. Fimbo za chuma zinaanzia saba. Tano na sita sikuzinunua kabisa, na kaka alipoambiwa na muuzaji kwamba seti kamili ni bei nzuri zaidi, nilimwambia azikatae. Mahali pake nimeweka haibridi mbili, fimbo zilizo kati ya za chuma na za mbao, ambazo vichwa vyake vipana vinaupandisha mpira hata kwa kasi yangu: namba sita inapiga yadi 126, namba tano 134. Juu yake fimbo ya mbao namba saba, 143, na ya mbao namba tano, 152. Chini, saba ni 117, nane 106, tisa 94, pichingi 82. Kisha weji ya kati 70 na ya mchanga 58. Ukizitazama namba hizo utaona kinachonifurahisha: hakuna pengo la kutisha na hakuna fimbo mbili zinazogombea kazi moja.

Pengo ndilo linalowapata wanaonunua seti zenye digrii chache bila kutazama weji zao. Pichingi ya digrii 43 ikifuatwa na weji ya mchanga ya 56 uliyonayo tangu zamani, katikati kuna digrii 13 za utupu, na utupu huo uko hasa kwenye umbali ambao mchezaji wa kawaida anaukuta kila shimo la pili. Ukinunua chuma kipya, hesabu na weji palepale. Weji ya kati ya digrii 48 hadi 50 si anasa.

Ukihesabu na draiva na pata, nina fimbo 12. Sheria inaruhusu 14, kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 1938 na kufuatwa na R&A, chombo cha sheria za gofu kule Uingereza, mwaka uliofuata, baada ya wachezaji kuanza kubeba zaidi ya 20. Nafasi zangu mbili ziko wazi na sina haraka nazo. Mzee anayenibebea anasema mfuko umekuwa mwepesi.

Mzunguko wa kwanza na seti mpya haukubadilisha kadi yangu ya matokeo sana. Kilichobadilika kilikuwa ni mazungumzo yetu njiani. Zamani nikiwa na yadi 120 tulijadiliana kati ya tano, sita na saba, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu. Sasa mzee anataja umbali, mimi natoa fimbo, na tunaanza kuzungumzia upepo na upande wa kutua. Handikapu ilishuka baadaye, pole pole, na mabanka ya mbele ya grini nimepunguza kuyatembelea. Mpira wa kushoto bado unanijia nikichoka, lakini sasa najua ukija ni wangu na si wa chuma.

Mara moja kwa mwaka nazirudisha kwa fundi azipime digrii. Fimbo inayogonga ardhi ngumu na mikeka ya mazoezi huhama taratibu, za kufua zaidi kuliko za kusubu, na namba nane ikipoteza digrii moja huku tisa ikiongeza moja, ngazi uliyoijenga kwa gharama inavunjika bila wewe kuona. Mwaka huu tulikuta namba tisa imesogea. Akaibana kwenye mashine yake, akairudisha, tukaenda kuipiga palepale.